Kamani Ndogo na Swali la Bunduki

Kiswahili kina vitenzi viwili visivyoachana: kufyata na kufyatua. Mbwa mwenye hofu hufyata mkia. Mtu mwenye busara hufyata ulimi. Kilichofyatwa kimebanwa mahali pembamba, nacho hukaa humo kikingoja. Kikiachiwa ghafla, kimefyatuka. Mtego hufyatuka, maneno ya mlevi hufyatuka, na bunduki nayo hufyatuka. Sarufi yetu, kwa hiyo, imekwisha kueleza namna silaha hii ifanyavyo kazi kabla hatujafungua kitabu chochote cha ufundi. Ndani ya kila bunduki mna kitu kilichobanwa, kimezuiliwa na kidole kimoja cha chuma, kinangoja.

Kitu hicho ni kamani. Wengi wetu twaijua kamani ya saa, ile chemchemi ya chuma ijikunjayo na kujikunjua hadi mishale ikazunguka. Kwa Kiajemi, kaman ni upinde. Tukiifuata asili hiyo tutaona kuwa neno limehifadhi historia ndefu: binadamu alijifunza kwanza kukunja mti akausikia ukitaka kurudi ulivyokuwa, na akaitumia tamaa hiyo ya mti kurusha mshale. Karne nyingi baadaye alikunja chuma badala ya mti, akakipunguza hadi kikalingana na kidole, akakificha ndani ya mtambo. Bunduki ilipouondoa upinde vitani, haikuutupa. Iliumeza.

Makala haya yanafuata safari ya kamani hiyo ndogo: kutoka mkononi mwa fundi aliyeifua, hadi katika kiwanda kilichoizalisha kwa maelfu, hadi kwenye meza ya nyumbani ambapo mtu asiyejua kufua hata msumari aweza leo kuipachika mahali pake. Ni safari ya Ulaya na Marekani zaidi kuliko yetu, lakini ilipita hapa kwetu, na haikupita salama. Nyuma yake lipo swali ambalo watawala wamejiuliza kwa miaka mia tano bila ya kukubaliana jibu: katika bunduki, ni kipande kipi kilicho bunduki yenyewe?

Majina ya mitambo

Neno bunduki tumelipata kwa Waarabu. Bunduq lilikuwa kwanza jina la kokwa ndogo ngumu, kisha likawa jina la kidonge kirushwacho kwa upinde wa vidonge, na mwisho likaingia katika jina la silaha yenyewe. Hilo ni jina la jumla. Ama majina ya aina za bunduki, wazee wa pwani hawakuyatoa kwa urefu wa mtutu wala kwa nchi zilikotoka. Waliyatoa kwa mtambo, yaani kwa ile sehemu ndogo ubavuni ambamo moto huzaliwa. Ya kwanza ni bunduki ya mrao, iwashwayo kwa utambi unaofuka. Ya pili ni bunduki ya gumegume, ipigayo jiwe kwenye chuma. Ya tatu ni bunduki ya fataki, ipigayo kijikofia cha shaba chenye unga wa kulipuka. Neno mtambo lenyewe lilitumika pia kwa mtego wa mwindaji, kwani mtego na bunduki vyote ni vitu vinavyotegwa, vikangoja, vikafyatuka.

Basi wazee hao walikwisha kulijibu swali letu kwa njia yao. Kwao bunduki ilikuwa mtambo wake. Mtutu ni bomba tu, na kitako ni gogo lililochongwa.

Bunduki ya mrao haikuhitaji kamani kubwa. Utambi uliokuwa ukiwaka ulishikwa na mkono wa chuma, na mkono huo ukainamishwa kwenye baruti. Askari wa Kibulushi waliomtumikia Sayyid Said na wanawe walikuwa bado wanabeba bunduki za namna hiyo katikati ya karne ya 19. Kasoro yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: mvua iliuzima utambi, na gizani utambi ulimfichua aliyeushika. Aliyetaka kukuua kwa mrao ilimbidi kwanza awashe moto, na moto huonekana.

Mwanzoni mwa karne ya 16 mafundi wa Ulaya waliondoa kasoro hiyo kwa kamani. Walitengeneza gurudumu dogo la chuma, wakalifunga kwa kamani yenye nguvu, wakaivuta kwa ufunguo kama saa. Kifyatulio kilipobonyezwa gurudumu lilizunguka, likasugua jiwe na kutoa cheche. Kwa mara ya kwanza bunduki iliweza kuwekwa tayari, ikafichwa ndani ya joho, na ikatolewa bila ya utambi wala moshi wa kumwonya mtu. Mwaka 1517 Kaizari Maximilian wa Kwanza alizipiga marufuku silaha za aina hiyo katika milki zake za Austria. Hiyo ni miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa za bunduki duniani, na tuangalie ilichokikataza. Haikukataza baruti wala risasi wala mtutu. Ilikataza kujiwasha kwa silaha, yaani ilikataza kamani. Kaizari na wazee wa pwani wangeelewana.

Fundi na tupa yake

Gumegume ilitokea Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na kwa miaka mia mbili ikawa ndiyo bunduki ya dunia. Mtambo wake ulikuwa na kamani tatu, nazo hazikuwa za kujiviringa kama za leo. Zilikuwa mabamba mafupi yaliyokunjwa mithili ya herufi V. Ya kwanza, iliyo kubwa, ilisukuma nyundo ishikayo jiwe. Ya pili ilikibana kishikizo kilichoizuia nyundo isianguke kabla ya wakati. Ya tatu ilikilinda kifuniko cha chuma kilichosimama juu ya kijisahani cha baruti, kisifunguke mpaka kipigwe.

Kutengeneza moja tu ya kamani hizo kulikuwa mtihani wa fundi. Alikifua kipande cha pua juu ya fuawe, akakipunguza kwa tupa hadi kikawa chembamba sawasawa, akakikunja kikiwa chekundu, akakizamisha ghafla ili kigande. Hapo chuma kilikuwa kigumu kama kioo, na kama kioo kingevunjika. Ilimlazimu akipashe moto tena, polepole, akiangalia rangi ikibadilika juu ya uso wake hadi ifike buluu. Akikitoa mapema, kamani itakatika. Akikichelewesha, italegea na nyundo itaanguka bila ya nguvu. Hakuna kipimo kilichomwongoza isipokuwa jicho. Kisha, ili kuipachika, aliibana kwa jiliwa dogo lililotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, kwa sababu kamani kuu ikiponyoka mkononi hujeruhi.

Na hata baada ya taabu hiyo, kamani iliyofaa bunduki moja haikufaa nyingine. Kila mtambo ulikuwa umesuguliwa kwa tupa hadi viungo vyake vikazoeana, na vipande vya mitambo miwili vilivyochanganywa vilikuwa kama viatu vya watu wawili. Kamani ikivunjika vitani au safarini, mwenye bunduki alikuwa na gogo refu la kupigia watu mpaka ampate fundi.

Mafundi hao hawakuwa wote wamekusanyika chini ya paa moja. Birmingham nchini Uingereza, mji uliotoa bunduki nyingi mno zilizouzwa Afrika, kazi iligawanywa katika nyumba na vibanda. Mitambo ilifuliwa zaidi katika miji midogo ya jirani kama Darlaston na Wednesbury. Mwingine alifanya kamani tu, mwingine skurubu tu, mwingine mbao. Na wachukuzi walipeleka vipande kutoka mlango hadi mlango hata bunduki ikakamilika. Bunduki ya kuungwa nyumbani, kwa hiyo, si jambo la jana. Ila nyumba ile ilikuwa ya fundi, aliyelijua jina la jirani aliyemletea mtambo na la mfanyabiashara aliyeichukua bunduki. Mwaka 1813 Bunge la Uingereza liliuanzishia mji huo nyumba ya majaribio, ambamo kila mtutu ulijazwa baruti nyingi kupita kiasi na kulipuliwa kabla ya kupigwa muhuri. Serikali hiyo, tofauti na Maximilian, iliitafuta bunduki katika mtutu.

Siku Jefferson aliposhika mtambo

Mwaka 1785 Thomas Jefferson alikuwa mjumbe wa Marekani mjini Paris. Alisikia habari za fundi mmoja, Honoré Blanc, aliyedai kuwa anatengeneza mitambo ya bunduki ambayo kila kipande chake kinalingana na kila kipande cha mtambo mwingine. Jefferson alikwenda kumtembelea. Katika barua aliyomwandikia John Jay tarehe 30 Agosti mwaka huo, alieleza kuwa fundi huyo alimwekea vipande vya mitambo 50 iliyofumuliwa, vimepangwa katika visanduku. Jefferson akachukua vipande kama vilivyomjia mkononi, bila ya kuchagua, akaunga mitambo kadhaa kwa mikono yake mwenyewe, na yote ikakaa sawasawa.

Tukio hilo ni dogo, lakini ndilo mzizi wa yote yaliyofuata. Jefferson alikuwa mwanasheria na mwenye mashamba, hakuwa mhunzi. Hakujua ni rangi ipi ya chuma inayoonyesha kuwa kamani imeiva. Na bado aliunga mtambo. Ujuzi ulikuwa umetoka mkononi na kuhamia katika kipande chenyewe. Mafundi wa Saint-Étienne walimpinga Blanc, na si kwa ujinga wala wivu mtupu: walitambua mapema kuwa kipande kinacholingana na kila kipande hakimhitaji mtu wa kukilinganisha.

Marekani ililichukua wazo hilo, ingawa kwa kusuasua. Eli Whitney alipata mkataba wa bunduki 10,000 mwaka 1798, akaahidi kuzimaliza kwa miaka miwili, akazimaliza mwaka 1809. Mwezi Januari 1801 alionyesha mbele ya Rais John Adams na Jefferson kuwa mitambo yake ingeweza kubadilishana, na kwa muda mrefu akasifiwa kuwa baba wa ufundi huo. Wanahistoria waliozichunguza bunduki zake zilizosalia katika karne ya 20 waligundua kuwa vipande vyake havibadilishani. Aliyefanikiwa kweli ni John Hall, katika karakana ya serikali ya Harpers Ferry, ambaye katika miaka ya 1820 alitengeneza mashine na vipimo vilivyokata chuma bila ya kutegemea jicho. Kufikia mwaka 1834 vipande vya bunduki zake viliweza kubadilishana hata na vile vilivyotengenezwa na Simeon North huko Connecticut, mamia ya kilomita mbali.

Mabadiliko hayo hayakuja bila ya damu. Mwezi Januari 1830 mfanyakazi mmoja aliyekosa kazi alimpiga risasi na kumwua msimamizi wa karakana ya Harpers Ferry aliyekuwa akiimarisha nidhamu mpya. Watu waliozoea kufanya kazi kwa saa walizozitaka, kwa kipimo walichokijua wao, walikuwa wakigeuzwa watumishi wa kengele.

Mwaka 1854 kamati ya Waingereza ilizuru karakana ya Springfield, Massachusetts. Walichagua bunduki kumi, kila moja ya mwaka wake kuanzia 1844 hadi 1853. Zikafumuliwa zote, vipande vikachanganywa, na mfanyakazi mmoja akaziunga upya. Chombo pekee alichokihitaji kilikuwa bisibisi. Waingereza wakanunua mashine za Marekani, wakazipeleka Enfield. Tangu hapo kufuliwa kwa kamani na kupachikwa kwa kamani zilikuwa kazi mbili mbalimbali, na ya pili haikumtaka fundi.

Mawimbi yaliyofika pwani

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Jibu moja limo katika mkataba uliotiwa saini Septemba 1833 baina ya Sayyid Said na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Mkataba huo, tunaoukumbuka zaidi kwa sababu ya biashara ya pembe na ya nguo ya merikani, uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza bidhaa zao katika bandari zote za Sultani. Ila uliweka sharti moja: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine za Sultani ziliweza kuuzwa bila ya kizuizi. Sayyid Said hakuitafuta bunduki katika mtambo wala katika mtutu. Aliitafuta katika mahali: aliilinda nyumba yake, na bara akaiacha wazi.

Na bara ilijaa. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilipojifunza kuzalisha silaha kwa maelfu, kila aina mpya iliifanya ya zamani kuwa takataka, na takataka hiyo ilihitaji mnunuzi. Majeshi yalipohamia bunduki za kujaziwa nyuma katika miaka ya 1860, bunduki za kushindiliwa mdomoni, yale magobore tunayoyajua, zilifurika katika bandari za Afrika kwa bei ndogo. Mwaka 1888 Charles Euan-Smith, balozi wa Uingereza hapa Unguja, alikadiria kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka zilikuwa zikipita kuelekea bara. Zilibebwa na misafara ya pembe. Zilimpa nguvu Mirambo wa Unyamwezi na Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip. Zililinda, zikateka, zikachoma vijiji. Njia walizozifuata watumwa kutoka Manyema na ukanda wa Ziwa Nyasa zilifunguliwa na silaha hizo. Hatuwezi kuandika historia ya mtambo kwa kuusifu ustadi wake tu, tukawasahau waliosimama mbele ya mtutu wake.

Inafaa kujiuliza kwa nini gumegume ilidumu huku kwetu hata baada ya fataki kuenea. Fataki hutoka kiwandani. Ikikwisha, bunduki imekwisha. Jiwe la gumegume lapatikana ardhini. Mtu wa bara aliyetaka silaha isiyomtegemea mwuzaji kila mwezi alichagua kwa akili, wala si kwa ushamba. Lakini kamani ilibaki kuwa kiungo asichoweza kukiokota njiani.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa kumi na saba, Zanzibar ikiwa mojawapo, yalitia saini Mkataba wa Brussels wa kupambana na biashara ya watumwa. Mkataba huo ulipiga marufuku kuingiza silaha za moto, na hasa zile za kisasa, katika eneo lote la Afrika lililo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani. Kwa hiyo Unguja na Pemba zilikuwamo. Lakini palikuwa na mlango mdogo. Serikali zingeweza kuruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, mpaka baina ya halali na haramu ulichorwa tena ndani ya mtambo. Mtambo wa jiwe wapita; wa fataki na wa risasi kamili haupiti.

Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, na uovu uliopigwa vita ulikuwa wa kweli. Hata hivyo waliotia saini hawakujifunga wenyewe kwa kamba hiyo. Majeshi yao yalikuja na bunduki za kisasa na mizinga ya Maxim, ambayo ilitumia nguvu ya risasi moja na kamani imara kujijazia risasi ifuatayo. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, maelfu ya wapiganaji wenye mikuki na magobore waliishambulia boma ya Mahenge. Bunduki mbili za rashasha zikawafyeka kama nyasi. Sheria iliyoachia gumegume na kuzuia mengine ilikuwa imeamua, miaka kumi na tano kabla, nani atakuwa na mtambo upi siku hiyo.

Meza ya nyumbani

Turudi Marekani, ambako wazo la Blanc lilifika mwisho wake. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 Eugene Stoner na wenzake wa kampuni ya ArmaLite walibuni bunduki nyepesi ya alumini na plastiki, AR-15. Haki zake ziliuzwa kwa Colt mwaka 1959; jeshi likaiita M16, na aina ya kiraia ikaingia sokoni katika miaka ya 1960. Hataza ya Stoner ilipomalizika muda wake mwaka 1977, kampuni nyingine zikawa huru kutengeneza vipande vilivyolingana na vyake. Leo vipande hivyo huuzwa kimoja kimoja, na maelfu ya Wamarekani huviunga wenyewe, wengine kama vile sisi tuungavyo baiskeli.

Wanaoifanya kazi hiyo huilalamikia zaidi kuliko vyote sehemu iliyo ndogo kuliko zote: kijipini chembamba kama cha sindano, kinachosukumwa na kamani nyembamba zaidi, kazi yake kukizuia kiungo kikubwa kisichomoke. Kidole kikiteleza, kamani hufyatuka, na kijipini huruka kikapotelea chini ya kabati. Ndiyo maana wengine huvaa miwani ya kukinga macho, na wengine huifanya kazi ndani ya mfuko wa nailoni ili kikiruka kinaswe. Mtu aweza kucheka. Lakini tukumbuke jiliwa la fundi wa gumegume: ni kamani ile ile, na hatari ile ile ya kuponyoka. Kilichobadilika ni kwamba sasa inapoponyoka hununuliwa nyingine kwa senti chache, nayo itakaa sawasawa, bila ya tupa wala moto wala jicho la mtu.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ililijibu swali letu kwa namna mpya. Ilisema kuwa bunduki, mbali na silaha nzima, ni fremu yake, yaani kile kiunzi kinachoshika mtambo. Kiunzi chatakiwa kiwe na namba na kiuzwe na muuzaji mwenye leseni. Mtutu, kitako, kifyatulio na kamani zote zikabaki kuwa vyuma vya kawaida. Aliyenunua kiunzi chenye namba na kukiunga nyumbani alikuwa ndani ya sheria, na wengi walikuwa hivyo. Lakini mlango mdogo ulibaki hapa pia: kiunzi ambacho hakijamalizika si kiunzi. Wauzaji wakaanza kuuza viunzi vilivyobakishwa hatua chache, pamoja na vipande vyote vilivyosalia, bila ya namba na bila ya kumwuliza mnunuzi jina. Mwaka 2017 polisi wa Marekani waliiletea serikali kuu silaha zipatazo 1,600 za aina hiyo wakitaka asili yake itafutwe. Mwaka 2021 idadi ilizidi 19,000. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni iliyojumuisha vifurushi vya namna hiyo, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura saba dhidi ya mbili, ilikataa ombi la kuitangua.

Mabishano ya mahakamani yalikuwa, kwa hakika, mabishano ya lugha: je, kitu kilichokusudiwa kuwa bunduki, ambacho bado hakijaungwa, chaweza kuitwa bunduki? Mshairi asingeona ajabu. Nasi twamwita mtoto bwana harusi siku ya posa, na chombo twakiita jahazi kingali mbavu tupu ufukweni.

Kilichobaki mkononi

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto, iliyoanza kutumika mwaka 2005, ilijaribu kuvitaja vipande vilivyo vya lazima. Imetaja mtutu, fremu, kufuli la nyuma, silinda, hata kizuia sauti. Kamani haikutajwa kwa jina. Wala si rahisi kulaumu, kwani kamani imo kwenye kalamu ya mwanafunzi, kwenye kitasa cha mlango, kwenye saa ya msikitini. Aliyetaka kuipiga marufuku angelazimika kuanza na nusu ya vitu vilivyomo nyumbani mwake.

Hivyo ndivyo miaka mia tano ilivyopita. Kaizari alikamata mtambo, Bunge likakamata mtutu, Sultani akakamata bandari, Brussels ikarudi kwenye mtambo, Washington ikashika fremu. Kila mmoja alishika sehemu, na kila mara silaha ikapitia sehemu iliyoachwa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na sheria hizi zote zimechomwa na kitu kidogo.

Hata hivyo historia hii yatuonyesha kuwa pengo halikuanzia katika sheria. Zamani aliyeunga bunduki alikuwa mtu mwenye jina na mlango. Kamani ikikatika ulirudi kwake. Bunduki ikiua, palikuwa na wa kuulizwa. Kipande kinacholingana na kila kipande kiliwaondolea wengi taabu, na mara nyingi kiliokoa maisha ya askari aliyevunjikiwa na mtambo mbali na karakana. Lakini pamoja na taabu, kilimwondoa pia yule wa kuulizwa. Namba inayogongwa kwenye fremu ni jaribio la kumrudisha, kwa sura ya tarakimu.

Lugha yetu haikumsahau mtu huyo. Kitenzi kufyata hakikubali kukaa peke yake. Mkia hufyatwa na mbwa, ulimi hufyatwa na mwenyewe, na mtego una aliyeutega. Kamani haijibani. Fundi wa zamani aliibana kwa jiliwa akijua ni ya nani na yaenda wapi. Aketiye leo mezani kwake, mfuko wa nailoni mkononi, anaibana kwa kidole gumba, na huenda asijiulize. Lakini aliyefyata ni yeye, na kitakachofyatuka, popote kitakapofyatukia, kilianza mkononi mwake.